Je, virusi ni viumbe hai?

Swali: Mtaani tunaviita "wadudu". Viko hai kweli?

Mdudu anakula, anapumua, anataga mayai. Kirusi hakifanyi lolote kati ya hayo. Ni uzi wa vinasaba uliofungwa ndani ya ganda la protini. Vingine, kama VVU na vile vya korona, vina utando wa mafuta juu yake, ndiyo maana sabuni huviharibu. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley alivichuja virusi vinavyoshambulia tumbaku hadi vikawa fuwele, kama chumvi. Alipozipaka fuwele hizo kwenye majani, mimea ikaugua.

Swali: Sasa kitu kisicho hai kinazaaje?

Hakizai, kinazalishwa. Hakina ribosomu, yaani vile viwanda vya seli vinavyotengeneza protini. Kinaingia kwenye seli yako, kinaipa maelekezo yake, nayo inaacha kazi zake na kuanza kutengeneza virusi. Hapo wataalamu hawakubaliani: wapo wanaosema kikiwa ndani ya seli ni hai, kwa kuwa kinarithisha na kubadilika. Mimi naona kinaazima uhai wetu tu.

Swali: Hayo yananihusu nini mimi mwenye mafua?

Yanakuhusu kabla hujaenda duka la dawa kuomba amoksilini. Dawa hiyo huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa kuta za seli zao. Mafua huletwa na virusi, na kirusi hakina ukuta huo. Utakuwa umeimeza bure, huku bakteria waliomo mwilini mwako wakipata nafasi ya kuwa sugu. Tafadhali usifanye hivyo. Pumzika, kunywa maji. Homa isiposhuka au ukipumua kwa shida, nenda kituo cha afya.

Swali: Na VVU, mbona dawa zipo lakini haviondoki mwilini?

VVU hupachika vinasaba vyake ndani ya DNA ya seli za kinga. Baadhi ya seli hizo hulala miaka mingi, na kirusi kimelala humo humo. ARV huzuia hatua ambazo kirusi hupitia kikijinakili; kikiwa kimelala hakuna hatua ya kuzuia. Ndiyo maana tunaziita dawa za kufubaza. Ukiziacha, seli zile huamka na virusi hutengenezwa upya, mara nyingi ndani ya wiki chache. Lakini anayezimeza kila siku, hadi kipimo kisivione tena virusi na hali hiyo ikadumu, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.