Je, wajua kwa nini mabwana wa watumwa ndio waliotaka mtumwa ahesabiwe mtu mzima?

Husemwa mara nyingi kwamba Katiba ya Marekani ilimwona Mwafrika kuwa tatu ya tano ya binadamu. Ukisikia hivyo utadhani wenye watumwa ndio waliomkata vipande, na wapinga utumwa wakamtetea ahesabiwe mzima. Mambo yalikuwa kinyume. Kwenye mkutano wa Philadelphia ulioandika Katiba, mwaka 1787, wajumbe wa South Carolina, jimbo la Kusini lenye watumwa wengi, Pierce Butler na Charles Cotesworth Pinckney, ndio waliodai mtumwa ahesabiwe sawasawa na mtu huru. Waliotaka asihesabiwe kabisa walikuwa watu wa Kaskazini, kulikokuwa na watumwa wachache.

Sababu ni viti. Viti vya kila jimbo katika Baraza la Wawakilishi vilitegemea idadi ya watu, na kura za wajumbe wanaomchagua rais zilifuata viti hivyo. Mtumwa hakuwa na kura, lakini kila aliyehesabiwa alimwongezea nguvu bwana wake. Elbridge Gerry wa Massachusetts akauliza: kama watumwa ni mali, mbona ng'ombe na farasi wa Kaskazini nao wasihesabiwe? Gouverneur Morris wa Pennsylvania akawabana zaidi: kama ni watu, wapeni uraia na kura. Hakupata jibu la maana, kwa kuwa halikuwepo.

Hesabu ya tatu kwa tano, yaani watumwa watano kwa watu watatu, ilishajadiliwa mwaka 1783 kwa ajili ya kodi. Wakati huo Kusini ilitaka watumwa wahesabiwe wachache, ili ilipe kidogo! Miaka minne baadaye, hesabu ilipogeuka kuwa ya madaraka, watumwa wale wale wakawa watu kamili. Mwishowe wakaafikiana kwenye tatu kwa tano, kwa kodi na kwa viti pia. Kodi yenyewe ilikuja kutozwa mara chache mno. Viti viligawiwa baada ya kila sensa.

Sensa ya kwanza, ya 1790, inaonyesha faida yake. Virginia ilikuwa na watu huru wapatao 455,000, Pennsylvania wapatao 431,000. Hawakupishana sana. Ila Virginia ilikuwa pia na watumwa zaidi ya 292,000. Viti vilipogawiwa, Virginia ikapata 19, Pennsylvania 13. Viti sita hivyo vilitokana karibu vyote na watu waliokuwa wakilima tumbaku bila ujira wala kura.

Mwaka 1800 Thomas Jefferson wa Virginia alimshinda John Adams kwa kura 73 dhidi ya 65. Wapo wanahistoria waliopiga hesabu upya bila kuwahesabu watumwa, wakaona Adams angeshinda. Hata ukiuacha uchaguzi huo, katika miaka 36 ya kwanza ya urais, miaka 32 ilishikwa na watu wa Virginia, wote wenye watumwa. Mwaka 1830 sheria ya kuyahamisha mataifa ya wenyeji, Wacherokee wakiwemo, ilipita katika Baraza kwa kura 102 dhidi ya 97. Viti vilivyotokana na watumwa wakati huo vilikuwa karibu ishirini au zaidi. Ardhi iliyoporwa ikapandwa pamba, na pamba ikadai watumwa wengine.

Jambo moja husahaulika: Mwafrika aliyekuwa huru alihesabiwa mtu mzima tangu mwanzo. Kifungu hicho hakitaji rangi, na hata neno "mtumwa" hakilitaji. Kinasema tu "watu wengine wote". Waandishi walijua wanachokificha.

Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, kila aliyekuwa mtumwa akawa mtu mzima kwenye sensa, na Kusini iliyoshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe ikawa na haki ya viti vingi kuliko kabla ya vita. Bunge liliiona hatari hiyo. Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yakasema jimbo litakalowanyima wanaume kura litapunguziwa viti, na mwaka 1870 Marekebisho ya 15 yakakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Kisha ukaja mwaka 1890, Mississippi ikatunga katiba mpya: kodi ya kichwa ilipwe kabla ya kupiga kura, na mpiga kura aweze kusoma au kufafanua kifungu cha katiba mbele ya karani mzungu. Majimbo mengine yakaiga. Adhabu ya kupunguziwa viti haikutolewa hata mara moja. Hadi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, Waamerika Weusi wengi wa Kusini walihesabiwa tano kwa tano, na waliowawakilisha walikuwa watu wasiowaruhusu kukaribia sanduku la kura. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo ilikuwa mbaya kuliko ile ya 1787.

Na mabishano hayajaisha. Sensa ya Marekani humhesabu mfungwa mahali gereza lilipo, si kwao alikotoka. Isipokuwa Maine, Vermont na jiji la Washington, mfungwa wa kosa kubwa kwa kawaida hapigi kura. Kwa hiyo kijiji chenye gereza kinaweza kuongezewa uzito katika mipaka ya uchaguzi kwa watu wasio na kura, wengi wao Weusi kutoka mijini. Maryland na New York zilipitisha sheria mwaka 2010 za kuwarudisha wafungwa kwenye anwani za nyumbani mipaka inapochorwa. Majimbo mengine kadhaa yamefuata, na mengi bado.