Jamani, waliokuja kupima sio kundi zima

Juzi tena, kwenye kikao, mtu kasimama na slaidi: kituo chetu tumepima akina dada wanaouza ngono, waliokutwa na VVU ni asilimia 8 tu, kwa hiyo maambukizi yameshuka. Watu wakapiga makofi. Nimelisikia hili kwa wadada, kwa wanaojidunga dawa za kulevya, kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume, na kila mara kosa ni lilelile, nimechoka.

Chukua wadada 100, tuseme 30 wana VVU. Kati ya hao 24 wanajijua, wako kwenye dawa, virusi vimefubaa. Hao waje kupima kutafuta nini? Hawaji. Wanabaki 76, na humo wenye virusi ni 6. Sita kwa 76 ni kama asilimia 8. Kundi lina 30, slaidi inasema 8! Na kadiri watu wanavyozidi kujijua ndo namba yako inavyozidi kushuka, hata kama wenye VVU ni walewale. Halafu mwezi unaofuata mnaanza kufuatilia wenzi wa waliokutwa nao, asilimia inaruka, mtu anaandika kuna mlipuko. Hapana, umebadilisha tu unaowapima. Na mdada aliyepima mara nne kwa mwaka umemhesabu wanne.

Hiyo namba ina kazi yake, inakuonyesha wapimaji wako wanawafikia kina nani. Kiwango cha maambukizi kinataka sampuli ya kundi zima, wanaojijua wakiwemo.

Sasa sampuli unaitoa wapi wakati orodha hakuna? Utafiti wa nyumba kwa nyumba hauwaoni. Zanzibar watu wazima kwa ujumla wako chini ya asilimia 1, lakini utafiti wa 2007 Unguja ulikuta kama 16 kwa wanaojidunga. Walipatikana kwa RDS (respondent-driven sampling, yaani waliohojiwa ndio wanaoleta wenzao), njia aliyoileta mwanasosholojia Heckathorn mwaka 1997: unaanza na watu wachache, tunawaita mbegu, kila mmoja kuponi zake za mwaliko, mara nyingi tatu, anawaita wenzake, nao wanaita wao, mnyororo unarefuka mpaka unatoka nje ya kijiwe ulichoanzia. Nauli unalipa, na anayeleta mwenzake unamuongezea kidogo. Mengine ya uendeshaji nayaacha.

Ila nayo isiabudiwe. Vijijini Uganda walichukua wakuu wa kaya wanaume 2,402 ambao taarifa zao zilikuwepo tayari, mpaka za VVU, wakaendesha RDS humohumo, matokeo yakachapishwa 2012. Sampuli kwa sehemu kubwa ilifanana na watu wenyewe, lakini vijana na wenye uwezo walipatikana pungufu, na zile fomula za kurekebisha hazikurekebisha. Hapo ni kwa watu wasiojificha. Wetu wanajificha, na mdada wa hoteli kubwa haji kukaa foleni kwa ajili ya nauli yako.

Unguja kwa wanaume wanaofanya na wanaume, 2007 walipata asilimia 12.3, 2011 wakapata 2.6. Nimeona watu wanaitumia hii kama ushahidi wa mafanikio. Mimi siwezi, kwa sababu waliopatikana raundi ya pili hawakufanana na wa kwanza hata kwa mambo yasiyotakiwa kubadilika haraka hivyo, inawezekana kabisa mnyororo uliingia upande mwingine wa kundi. Lakini nani atapanga bajeti ya dawa kwa jibu la "inawezekana"? Hilo linaniumiza, maana nyuma ya namba kuna watu watakaokosa huduma.

Kinachonisumbua zaidi ni swali moja tu kwenye dodoso: unawajua wangapi kama wewe, nao wanakujua, uliowaona ndani ya mwezi? Jibu hilo ndo uzito wa mtu kwenye hesabu. Anayejua 100 ana njia nyingi za kufikiwa na kuponi, kwa hiyo tunampunguza, anayejua 5 anahesabika mara 20 ya yule. Na watu wanajibu 10, 20, 50, 100, namba za mviringo. Dada mmoja aliniuliza, "Wa usiku tu, au na wale tunaojuana mchana?" Nikamsomea swali tena neno kwa neno, kama tunavyotakiwa. Akafikiri kidogo akasema andika 40. Nikaandika 40, na kiwango chote cha maambukizi tulichotangaza kimekaa juu ya majibu kama hilo.