Kwa Neno Lako Nitazishusha Nyavu: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Utii na Kiburi

Katika mialo ya Mwanza, wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa hukusanyika chini ya mwanga, ndipo wavu unapoteremshwa. Mwezi ukiwa mpevu wengi wao hupumzika, kwa kuwa taa hushindwa na mbalamwezi. Ndiyo maana sura ya 5 ya Injili ya Luka ina uzito wa pekee huku kwetu. Petro na wenzake wametoka ziwani mikono mitupu na wanaosha nyavu zao, kisha mtu aliyelelewa Nazareti, mji wa vilimani, tena fundi seremala, anamwagiza mvuvi huyo arudi kilindini mchana. Simulizi hii huhubiriwa kama habari ya wingi wa samaki, na ni haki yake. Lakini kabla ya samaki kuna neno la mtu ambaye angeweza kukataa kwa sababu nzuri kabisa za kitaalamu, na naamini dhana nyingi potofu tulizo nazo kuhusu utii na kiburi zimetokana na kulipita neno hilo kwa haraka.

"Kiburi ni ugonjwa wa wenye mali"

Ni rahisi kuzitazama nyumba za Capri Point, mtaa wa wenye mali hapa Mwanza, na kudhani kwamba kiburi kinakaa huko peke yake. Maandiko hayakubali. Farisayo wa Luka 18 hakujisifia ng'ombe wala mashamba. Alijisifia kufunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka. Mfalme Uzia, ambaye habari zake ziko katika 2 Nyakati 26, alitawazwa akiwa na umri wa miaka 16 na akatawala miaka 52. Alimtafuta Mungu, akasaidiwa sana, na moyo wake ulipoinuka kwa sababu ya nguvu zile alizosaidiwa kuzipata, hakwenda kulewa wala kupora. Aliingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo haikuwa yake. Makuhani zaidi ya 80 walipomzuia alikasirika, na ukoma ulimtokea usoni akiwa bado ameshika chetezo mkononi.

Mimi mwenyewe niliwahi kutunza fedha za kikundi kidogo cha maombi. Kijana mmoja aliniomba kwa adabu nimwonyeshe daftari, nami nikamjibu kwa mistari ya Biblia kuhusu kuwaheshimu wazee. Daftari halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwangu, kwa sababu nilililinda jina langu kwa Neno la Mungu, na ilinichukua wiki kadhaa kwenda kumwomba msamaha kijana yule.

"Sadaka nono hufunika kutotii"

Hapa ndipo naomba tukae kidogo. Katika 1 Samweli 15, Sauli aliagizwa asibakize chochote katika mali za Waamaleki. Agizo lile ni zito, limewasumbua wasomaji wengi, nami silipiti kwa wepesi. Lakini tutazame namna mfalme alivyojitetea. Aliacha kondoo na ng'ombe walionona, na Samweli alipouliza mlio wa mifugo ile anaousikia ni wa nini, jibu lilikuwa tayari: wameachwa ili kumtolea Bwana dhabihu. Usukumani, ambako ng'ombe ni akiba, mahari na heshima ya nyumba, mtu huelewa upesi jinsi jicho linavyoshindwa kumwacha ng'ombe aliyenona, na jinsi ulimi unavyotafuta sababu ya kidini ya kumbakiza. Samweli akasema kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu.

Kabla ya mazungumzo hayo, Samweli alikuwa ameambiwa kwamba Sauli amekwenda Karmeli kujisimamishia ukumbusho. Baadaye, alipokiri kosa lake, Sauli alieleza kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao, kisha akaomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Kwa hiyo mtu huyu alijijengea nguzo na wakati huohuo akaogopa maneno ya watu. Mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo, kwa maana anayeishi kwa sifa za watu hana ujasiri wa kuwakatalia.

Kando ya ziwa letu jambo hili lina sura yake. Kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni ukizoa samaki wachanga na kuharibu mazalia yao, limekatazwa na kanuni za uvuvi. Mwenye kokoro anaweza kusimama Jumapili ya shukrani na bahasha nene, kanisa likashangilia, na asiwepo hata mmoja wa kumuuliza samaki wale walivuliwaje. Siamini kwamba Mungu anaipokea bahasha ile kwa namna tunavyoipokea sisi, na nadhani sisi tunaoshangilia tuna sehemu yetu katika kosa lile.

"Kumtii Mungu ni kutomhoji mtumishi wake"

Dhana hii imewaumiza watu wengi, na inauma zaidi kwa sababu inavaa nguo za unyenyekevu. Muumini anaambiwa kwamba akiuliza fedha zimekwenda wapi, au akitaka kumpeleka mgonjwa hospitali, ameasi. Biblia inasema vingine. Mariamu, ambaye utii wake Wakristo wote wanausifu, alimuuliza malaika litakuwaje neno lile, na hakukemewa. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17 kwa kuyachunguza Maandiko ili waone kama mambo waliyohubiriwa na Paulo yalikuwa kweli, na Paulo huyohuyo, katika Wagalatia 2, anaeleza jinsi alivyompinga Petro ana kwa ana kule Antiokia. Petro aliandika kwamba wachungaji wasijifanye mabwana juu ya kundi, na ndiye aliyesema mbele ya baraza, pamoja na mitume wenzake, kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.

Nasema haya bila kudharau uchungaji, kwa kuwa wapo wachungaji wanaovuka kwenda visiwani kuzika wafu na kuwatembelea wagonjwa, na wanastahili heshima yetu. Lakini mchungaji asiyeulizwa kitu amewekwa katika hatari ileile ya Uzia, naye hata wale makuhani wa kumzuia hana. Anayemuuliza kwa upendo anamtendea wema.

"Anayetii hafikwi na taabu"

Wafilipi 2 inasema Kristo alijinyenyekeza akawa mtii hata mauti, tena mauti ya msalaba. Haifai kumwambia mama aliyepoteza mtoto kwamba pengine kuna mahali hakutii. Ni ukatili, na marafiki wa Ayubu walikemewa na Mungu kwa mazungumzo ya namna hiyo.

"Mnyenyekevu hujidharau"

Musa ametajwa katika Hesabu 12 kuwa mpole kuliko wanadamu wote, naye ndiye aliyesimama mbele ya Farao. Unyenyekevu haumtaki mtu aseme kwamba hajui anachokijua, na hapo ndipo narudi kwa Petro, maana yeye hakujifanya mjinga. Ziwa la Genesareti ni dogo, urefu wake ni kilomita 21 hivi na upana usiozidi kilomita 13, na mvuvi wa Bethsaida angeweza kulijua kama ua wa nyumba yake. Alitoa taarifa ya kweli ya kazi yake kwanza, kwamba wamechoka usiku kucha na hawakupata kitu, kisha akaongeza: "Lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Ujuzi wake aliuleta wote mbele ya Yesu, alichokiacha ni haki ya kuwa na neno la mwisho.

Kisha nyavu zikaanza kukatika. Kila mvuvi wa dagaa anajua ilivyo vigumu kuuita mtumbwi mwingine mahali ulipopata samaki. Petro na wenzake waliwapungia mikono washirika wao wa chombo cha pili waje kuwasaidia, vyombo vyote viwili vikajaa hata kutaka kuzama, na hapo, katikati ya samaki, akapiga magoti mbele ya Yesu akikiri kwamba yeye ni mtu mwenye dhambi.