AI haikutafutii mnunuzi, inatafuta ulichoiagiza

Wafanyabiashara wengi Kariakoo wanaamini ukilipia tangazo Instagram basi AI yenyewe itajua nani ananunua, hapana jamani. Ile mashine inafuata lengo ulilochagua wakati unaweka tangazo, ukitaka laiki inakuletea watu wenye mazoea ya kulaiki, na hao wanaweza kujaa kwenye posti ya viatu vyako bila hata mmoja kuuliza bei. Chagua lengo la meseji, itaanza kusaka wale wenye kawaida ya kuchati na wauzaji. Na ChatGPT, ile AI ya kuandika iliyotoka Novemba 2022, itakuandikia kapsheni tamu sana ila haijui kama namba 42 imebaki stoo au mzigo bado uko bandarini, hiyo lazima uiambie wewe, na bei uiweke wazi, siyo "njoo inbox".