TV kubwa mpya sebuleni: yanayosemwa dukani na ukweli wake

Anayeacha TV ya inchi 32 akataka ya 55 au 65 kwa kawaida huuliza mambo mawili tu: inchi ngapi na bei gani. Pesa yote ikishamezwa na kioo, hakuna kinachobaki cha gadi (kifaa kinachokata umeme usipokuwa sawa), cha breketi ya ukutani wala cha sauti, na wiki ya pili mtu analalamika kuwa ile ya zamani ilikuwa na picha safi kuliko hii. Ushauri wetu ni kutenga mapema kama moja ya tano ya bajeti kwa ajili ya hayo matatu, hata ikibidi kushuka inchi 10. Sababu zake zimo ndani ya dhana hizi, ambazo hazikauki midomoni mwa watu hapa Zanzibar, kuanzia Darajani hadi Chake Chake.

“Chumba changu chembamba, TV kubwa itaniumiza macho”

Inchi za TV hupimwa mshazari, kona hadi kona, kioo peke yake bila fremu. Inchi 55 ni upana wa sentimita 122 na kimo cha 68. Inchi 65 ni 144 kwa 81. Inchi 75 ni 166 kwa 93. Kabla ya kwenda dukani, pima kutoka ukuta wa TV hadi yanapofika macho yako ukiwa umekaa, si hadi miguu ya kochi. Kisha fanya hesabu nyepesi: inchi mara 4 zinakupa umbali wa starehe kwa sentimita, na inchi mara 3 ndio mpaka wa karibu kwa mpenzi wa filamu.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziruhusu upana unaozidi sana mita 3. Ukitundika TV kwenye ukuta mrefu, macho yako yatakuwa kama mita 2.3 kutoka kwenye kioo. Gawa 230 kwa 4, utapata 57. Kwa hiyo inchi 55 imekaa mahali pake, na 65 nayo haijavuka mpaka. Nyumba mpya za Fuoni zenye sebule ya mita 5 ni habari nyingine: macho yakiwa mita 3.5 kutoka kwenye kioo, 65 ni ya wastani tu, na ukiweka ya 43 hapo, jicho la kawaida halioni tofauti ya 4K na Full HD. Umelipia usichokiona.

Kinachochosha macho ni mwanga mkali katika chumba cha giza. Washa taa ndogo nyuma ya TV na upunguze mng'aro usiku.

“TV ni 4K, basi kila chaneli itakuwa 4K”

Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni 8. Full HD ina milioni 2. Chaneli za ving'amuzi kwa sehemu kubwa huja kwa HD, na nyingine ziko chini ya hapo, mistari 576 tu. Nukta zinazokosekana TV huzibuni yenyewe. Ukitoka inchi 43 kwenda 65, eneo la picha huongezeka zaidi ya mara 2 ilhali kinachoingia kutoka kwenye king'amuzi ni kilekile, kwa hiyo ukungu uliokuwa umejificha sasa unaonekana wazi. TV haina kosa.

Unachoweza kufanya ni hiki. Ng'oa zile waya za njano, nyekundu na nyeupe uunganishe king'amuzi kwa HDMI. Waya wa njano hauwezi kupitisha HD hata siku moja. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uchague 1080, maana vingine huwa vimeachwa kwenye 576 au 720. Kwenye TV, chagua 16:9 pamoja na mpangilio unaoonesha picha nzima bila kukata kingo, kisha iondoe kwenye hali ya dukani, ile yenye rangi zinazowaka kupita kiasi ili TV ionekane chini ya taa kali za duka. Hali ya sinema huonekana ya njano siku mbili za mwanzo. Ivumilie, ndiyo iliyo karibu zaidi na rangi alizokusudia mtengeneza filamu. Kulainisha mwendo, yaani TV kubuni picha za katikati, kuzime kwenye filamu; kwenye mpira unaweza kuacha kidogo.

Picha ikivunjika vigaevigae, panda juu kabla ya kuilaumu TV. Nyumba iliyo karibu na pwani hula chumvi, na koneta ya waya kwenye dishi huota kutu mapema. Kata sentimita chache za waya hadi uone shaba inayong'aa, funga koneta mpya, izungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na uache waya uning'inie kidogo chini ya koneta ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia ndani.

Na neno “smart” kwenye boksi halileti chaneli za bure. Netflix hupendekeza Mbps 15 kwa picha ya 4K, na saa moja inaweza kula hadi GB 7. Kifurushi cha simu cha GB 10 hakifiki mwisho wa filamu ya saa 2.

“TV mpya zinavumilia volti 100 hadi 240, gadi ya nini?”

Hapa ndipo TV nyingi zinapofia. Namba hizo zilizoandikwa nyuma ni za kweli, na zinasaidia sana umeme unaposhuka. Kinachoua ni kupanda.

Umeme wa Unguja huvuka bahari kwa kebo kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na wa Pemba hutoka upande wa Tanga. Watu huogopa kuzimika, labda kwa kukumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa karibu miezi 3 bila umeme wa gridi. Lakini giza haliunguzi TV. Hatari iko pale umeme unaporudi, mafriji na pampu za mtaa mzima zikiwaka kwa pamoja na volti ikipanda na kushuka. Mbaya zaidi ni waya wa nyutro kukatika katika laini ya fezi 3: nyumba iliyozoea volti 230 inaweza kupokea karibu 400, na kapasita za TV hupasuka hata hujaikamata rimoti.

Gadi hukata umeme ukizidi au ukipungua mno, kisha husubiri, kuanzia nusu dakika hadi dakika kadhaa, ndipo iurudishe. Kusubiri huko ndiko unakokulipia. Ekstensheni ya matundu 6 yenye taa nyekundu si gadi, hata muuzaji aapie nini. Stabilaiza nayo ni kitu kingine: hupandisha na kushusha volti, na kwa TV ya kisasa inayofanya kazi hata kwenye volti 150 mara nyingi ni pesa ya bure. Nunua gadi kwanza.

Radi haizuiwi na gadi. Mara nyingi hupitia dishini, ikaingia kwenye king'amuzi, ikavuka HDMI hadi ndani ya TV, na tundu la HDMI huwa la kwanza kuungua. Siku za masika mawingu yakifunga, chomoa plagi ya TV na ya king'amuzi, kisha fungua na waya wa dishi. Vyote vitatu.

Wenye jenereta ndogo waiwashe kwanza, waiache itulie dakika 2, ndipo wachomeke TV, na waichomoe kabla petroli haijaisha. Injini inapokohoa mwishoni, volti huyumba vibaya.

Kuhusu TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla: TV ya LED ya inchi 65 hula kama wati 150. Saa 5 kwa siku ni uniti 0.75, sawa na uniti 22 na nusu kwa mwezi. Plazma ya zamani ya inchi 50 inaweza kula mara mbili ya hapo, na kiyoyozi cha BTU 12,000 hula karibu wati 1,000 kinapofanya kazi. Anayezima TV kuokoa uniti huku kiyoyozi kikiwaka anahangaika na mdogo wa matatizo yake.

“Fundi atatoboa matundu manne, kwisha kazi”

Kwenye ukuta wa matofali ya saruji yaliyojaa, sawa: bolti za kupanuka za milimita 8 au 10 zinatosha. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi, na plasta yake ni laini. Fisha ya plastiki inashika leo, mwezi ujao inatoka na vumbi lake. TV ya inchi 65 ina kilo 20 hadi 25, ya 75 inapita 30; ikianguka haina fundi.

Kwa ukuta wa namna hiyo, drili izunguke bila kugonga, maana kugonga huvunja chokaa pembeni mwa tundu. Shimo liende sentimita 10 au zaidi hadi lipate jiwe, lipulizwe vumbi lote, kisha litiwe gundi ya nanga, ile ya kushikiza bolti, pamoja na kifuko chake cha wavu. Njia ya bei nafuu zaidi, na sisi tunaipenda, ni ubao mgumu wa inchi 1 uliofungwa ukutani kwa skrubu ndefu 8 zilizosambaa, kisha breketi ikafungwa kwenye ubao. Uzito unagawanyika, na skrubu moja ikilegea hakuna kinachoanguka. Nyuma ya TV angalia nafasi ya matundu, 200 kwa 200, 300 kwa 300 au 400 kwa 400 milimita, na utumie skrubu za urefu ulioandikwa kwenye kitabu chake. Skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kusukuma hadi kwenye kioo kutoka ndani.

Halafu urefu kutoka sakafuni. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho: karibu sentimita 105 kwa wanaokaa kwenye makochi, 75 hadi 80 kwa wanaokaa kwenye mkeka au magodoro. TV iliyopandishwa karibu na dari kama ya mkahawani inaumiza shingo, na aina nyingi za vioo hufifia rangi zikitazamwa kutoka chini. Usiichomeke ndani ya kidaka pia. Inahitaji kama sentimita 10 za hewa kila upande, la sivyo joto litafupisha maisha ya taa zake.

“Sabufa yangu ya zamani haiingiliani na TV mpya”

Inaingiliana, ila si moja kwa moja. TV nyingi mpya hazina tena matundu ya sauti ya nyekundu na nyeupe; zina tundu la mwanga (optical) na HDMI yenye alama ya ARC, ile inayotoa sauti ya TV kwenda nje. Nunua kisanduku kidogo cha kubadilisha sauti ya kidijitali. Waya wa mwanga utoke kwenye TV uingie humo, na waya za nyekundu na nyeupe zitoke humo hadi kwenye sabufa. Umeme wake wa volti 5 uchukue kwenye tundu la USB la TV, kizime na kuwaka nayo.

Kosa linalorudisha watu dukani ni moja: sauti ya kidijitali ya TV imeachwa kwenye Dolby, mfumo wa sauti iliyobanwa, na kisanduku hakielewi kitu, kinatoa kimya au mikwaruzo. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague PCM, sauti isiyobanwa. Faida nyingine ya waya wa mwanga ni kuwa hauna shaba, kwa hiyo ule mvumo unaoletwa na waya wa dishi hukatika, mradi kisanduku kipate umeme kwa chaja yake; waya wa USB wa TV una shaba na unaweza kuurudisha.

Mwenye spika 5 na sabufa asitumie PCM kwa ARC, kwani hapo anapata sauti mbili tu. Yeye achague Dolby, awashe udhibiti wa HDMI kwenye TV na kwenye mashine, na waya uingie kwenye tundu lenye alama ya ARC, si lolote analoliona. Bluetooth nayo ni rahisi, lakini mara nyingi midomo husogea kabla ya maneno.

Mengine kwa haraka

QLED si OLED. Ya kwanza ina taa nyuma ya kioo, inang'aa vizuri sebule ikiwa wazi mchana kutwa. Ya pili kila nukta hujiwakia yenyewe, weusi wake ni weusi kweli, lakini nembo ya chaneli ikiganda kila siku mahali pamoja inaweza kuacha alama ya kudumu.

Kebo ya HDMI ya bei kubwa haiongezi rangi. Angalia kasi: Gbps 18 kwa 4K ya picha 60 kwa sekunde, 48 kwa michezo ya picha 120. Ikizidi mita 5, kebo hafifu huanza kukatika.

TV ya Dubai huja na plagi za pini 3 kama zetu na umeme unaofanana. Ya Marekani huenda ikawa ya volti 120 tu, na antena yake haipokei mfumo wa huku. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa.

Ya mtumba iwashe nusu saa, weka picha nyeupe tupu, utafute madoa na pembe zilizofifia. Sauti ikiwepo na picha haipo, mulika kioo kwa tochi kwa karibu. Ukiona picha hafifu, taa za nyuma zimekufa, na hizo zinabadilishwa. Mwambie fundi aweke seti nzima, si ukanda mmoja, kisha ushushe mng'aro wa taa hadi asilimia 70. Kioo kikipasuka, bei ya kingine inakaribia TV nyingine. Ndiyo maana boksi linasafiri limesimama, kwenye pikapu na kwenye boti ya kwenda Mkoani vilevile, na anayekwambia ulilaze kwa sababu nafasi ni ndogo mwambie utasubiri safari nyingine.