Rangi ya nguo haifanyi katuni kuwa propaganda

Zile klipu fupi huzungushwa kwa magrupu ya wazazi hapa Nairobi, eti mhusika amevaa rangi fulani basi katuni yote ina siasa, jamani, klipu ya sekunde kumi haisemi kitu. Tazama episodi nzima, tena tatu nne hivi, uone nani hushinda mwisho, nani huchekwa, na yule wa maoni tofauti anapewa sababu zake ama anafanywa tu mjinga, hapo ndo ujumbe hukaa. Na wale wa "ni katuni tu" pia wanajidanganya: 1943 Disney ilitoa Donald Duck akiota yuko Ujerumani, kiwandani anakaza makombora na kila picha ya Hitler ikipita lazima apige saluti, propaganda ya vita waziwazi na ikabeba Oscar. Sasa linganisha na 2017, KFCB, ile bodi ya kuainisha filamu Kenya, ilipokataza katuni sita ikisema zinaeneza ushoga, mojawapo The Loud House. Mle kuna Clyde, rafiki wa mhusika mkuu Lincoln, ana baba wawili, wanamleta kulala kwa kina Lincoln huku wamejaa wasiwasi kama mzazi yeyote, basi. Hutaki watoto waone? Sawa, zima TV, kwako ni kwako, ila hiyo bado si kampeni.