Meseji ya kliniki haisemi una virusi

Huku Dodoma kuna watu wanaamini mtu akitoka gereza la Isanga akaacha namba ya simu CTC, yaani kliniki ya virusi vya UKIMWI, siku meseji ya kumkumbusha miadi ikiingia nyumba nzima itajua ana virusi. Jamani hapana, ukumbusho hauhitaji kutaja ugonjwa wala ARV, "kesho una miadi" inatosha kabisa, na kitochi kinaipokea vizuri tu, smatifoni ya nini. Kama simu mnatumia wawili mwambie nesi mapema mkubaliane maneno.

Mi naona shida kubwa ni laini, mtu anatoka gerezani namba ya zamani ilishafungwa, kliniki wanapiga wee haipatikani, huku yeye kaenda zake Kondoa kwa mama, dozi zimekata na virusi vinapanda tena ndani ya wiki chache. Ukipata laini mpya wape namba, na hata huko Kondoa dawa ni bure.